Kurudia Mtihani wa SAT: Mambo ya Kupima Kabla ya Kujiandikisha

Kwa sisi tuliosoma Afrika Mashariki, neno "kurudia" lina uchungu wake, kwa kuwa aliyerudia mtihani wa taifa alipoteza mwaka mzima huku wenzake wakisonga mbele. Mzazi anayelea watoto Marekani asimrithishe mwanawe uchungu huo. SAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani, hufanyika mara kadhaa kwa mwaka, na anayeurudia hahesabiwi kuwa amefeli.

Anzeni na orodha ya vyuo anavyovitaka mtoto. Vyuo vya University of California havitazami alama za SAT wala za ACT, mtihani mwingine wa aina hiyo, katika kupokea wanafunzi, kwa hiyo anayelenga huko pekee atafaidika zaidi akiutumia muda huo kuandika insha zake. Chuo cha MIT kilirudisha sharti la mtihani mwaka 2022, na Harvard kikafuata mwaka 2024, ilhali vyuo vingine vingi bado vinamwachia mwombaji aamue mwenyewe kama atatuma alama. Vyuo vingi hutangaza alama za nusu ya katikati ya wanafunzi vilivyowapokea, yaani ukiondoa robo ya juu na robo ya chini. Mtoto aliyeupita ukomo wa juu wa kiwango hicho hana haja ya kurudia, hata kama jirani anajivunia wa kwake aliyefanya mara tatu.

Kisha isomeni ripoti sehemu kwa sehemu, maana jumla huficha mengi. Tuseme binti alipata 590 katika kusoma na kuandika na 710 katika hisabati, yaani 1300. Aliporudia akapata 640 na 680, jumla 1320. Ukitazama jumla, utaona amehangaika kwa ajili ya alama 20 tu. Lakini vyuo vingi huchukua alama bora ya kila sehemu, na mbele ya vyuo hivyo binti huyu ana 1350. Si vyote vifanyavyo hivyo, na viko vinavyodai kuona alama zote, basi someni maelezo ya kila chuo.

Swali zito kuliko yote ni hili: safari hii atajiandaa kwa namna gani tofauti? Kwa maoni yangu, asiye na jibu asijiandikishe, kwa sababu alama hupanda na kushuka kidogo zenyewe bila mtu kujifunza lolote. Mketisheni mezani Jumamosi asubuhi, simu ikiwa chumba kingine, afanye mtihani wa majaribio kwenye programu ya Bluebook, ambayo ni ya bure, kwa muda kamili wa saa 2 na dakika 14. Baada ya hapo kaeni naye mchunguze makosa yake moja baada ya jingine. Mtihani huu hupanga ugumu wa nusu ya pili ya kila sehemu kufuatana na majibu ya nusu ya kwanza, hivyo makosa ya haraka ya mwanzoni humgharimu sana. Makosa ya namna hiyo hurekebishika kwa wiki chache za mazoezi; pengo la miaka katika usomaji halizibiki upesi hivyo.

Ada isiwe kizuizi. Mwanafunzi wa darasa la 11 au 12 kutoka familia ya kipato kidogo anaweza kusamehewa ada ya SAT mara mbili, na msamaha huo huombwa kwa mshauri wa wanafunzi shuleni kwake. Mwendeeni mapema, kwani usajili wa kawaida hufungwa wiki mbili hivi au zaidi kabla ya mtihani, na vyuo vingi hupokea maombi ya awali hadi tarehe 1 Novemba.