Ulikulia kwenye vurugu? Chukua futi tuanze kupima

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Viuno vya watu napima kutwa, ila changu nilikuja kukipima nikiwa na miaka 39, baada ya kupita sokoni siku ya upimaji wa bure na mashine ya presha kuonesha 168 kwa 104. Nikamwambia muuguzi mashine yake mbovu. Akarudia: 164 kwa 102. Akauliza kama wazazi wangu wana presha. Nikamjibu sijui, sikukaa nao. Akaniuliza taratibu, "Sasa ulikaa na nani?"

Nilikaa kwa baba mkubwa. Usiku tulikuwa tunasikilizia baiskeli yake. Akija amepanda, tunalala. Ukisikia inakokotwa, ile tik-tik-tik ya polepole, ujue kalewa hawezi kupanda, na lazima mmoja wetu atachapwa. Mpaka leo nikisikia mlio ule barabarani, mkono unaganda kwenye kitambaa.

Mtoto akiogopa, ubongo unaziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini na kotisoli, homoni za hofu. Moyo unakimbia, mishipa inabana, sukari inaingia kwenye damu ili misuli iwe tayari kukimbia. Ikitokea mara moja moja, hakuna shida. Ikiwa kila usiku kwa miaka, mwili unazoea kukaa chonjo: mafuta yanajikusanya tumboni, insulini, ile inayoshusha sukari, inapungua nguvu, mishipa inachakaa mapema. Halafu sisi wenyewe tunaongezea kwa sigara, pombe na kula ili kujituliza. Mwaka 1998 madaktari Felitti na Anda walitoa utafiti wa watu zaidi ya 9,000 huko San Diego, Marekani. Waliopitia aina 4 au zaidi za mateso utotoni walikuwa na ugonjwa wa moyo zaidi ya mara 2 wakilinganishwa na ambao hawakupitia hata moja.

Kwa hiyo anza na kumbukumbu. Kabla hujafika miaka 18, ulipigwa, ulitukanwa, ulichezewa kimwili, ulilala njaa, ulikosa wa kukujali? Mama alipigwa mbele yako? Nyumbani kulikuwa na mlevi, mgonjwa wa akili, mfungwa, wazazi walioachana? Usiihesabu kama alama za mtihani. Anda mwenyewe aliandika mwaka 2020 kwamba hesabu ya aina za mateso haikukusudiwa kumpima mtu mmoja mmoja. Kazi yake kwako ni moja tu: kama ndiyo zako ni nyingi, usisubiri uzee ndipo upime. Na siku ukienda kliniki, mwambie daktari. Sentensi moja inatosha, huna haja ya kulia.

Sasa futi. Hapa mafundi tusamehewe, maana sisi tunapima pale sketi inapokaa. Kwa afya, tafuta ubavu wa mwisho chini, tafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, pima katikati yake. Simama, toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani (wateja wangu wote wanavuta, nawajua). Mwanamke akifika sentimita 80, mwanamume 94, hapo ni kujiangalia. Kwa inchi ni kama 31 na nusu, na 37. Mimi nilikuwa 38.

Presha ndiyo watu wanaikosea sana. Mtu kapanda ngazi, kashika simu, anazungumza, halafu anashangaa namba. Kojoa kwanza. Kwa nusu saa usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kitambaa cha mashine kwenye ngozi na si juu ya blauzi. Pima mara 2, upishe dakika moja katikati. Kwa kliniki mpaka ni 140 kwa 90. Kwa nyumbani 135 kwa 85. Namba moja ya siku moja isikutie hofu wala isikupe raha. Ila ikifika 180 kwa 120 na kifua kinauma, pumzi inakata au upande mmoja wa mwili umelegea, usirudie kupima. Nenda hospitali.

Sukari ni kabla ya kula, umekaa kwa muda wa saa 8 bila kitu zaidi ya maji. Mimi mara ya kwanza nilikunywa chai kwanza, "kidogo tu", nikajitia presha nyingine bure. Ikirudia kusoma 7.0 au zaidi (kwa mmol/L), hicho ni kisukari.

Dawa nilipewa, nameza, na sikuziacha namba ziliposhuka, maana zilishuka kwa sababu ya dawa. Chumvi nzima ya siku haizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye ng'onda na ya kunyunyizia mihogo. Natembea kwa miguu kwenda kibandani. Sisemi baba mkubwa ndiye aliyenipa presha peke yake. Mihogo ya kukaanga nayo ilichangia.

Kubwa zaidi ni mtoto niliye naye sasa. Ni wa mdogo wangu, ana miaka 7, ananiita mama mkubwa. Alipokuja alikuwa anakojoa kitandani na kushtuka pikipiki ikipita. Nilichojifunza: mwambie unakwenda wapi na utarudi saa ngapi, kisha urudi saa hiyo hiyo. Chakula na kulala viwe na saa zake. Akishtuka, usimwambie "wewe mwanaume". Mshike mgongoni, pumueni pamoja mpaka atulie. Ukikosea ukamfokea, mwombe radhi. Haya si kudekeza. Huko Georgia, Marekani, familia za Wamarekani weusi zilihudhuria mafunzo ya malezi kwa wiki 7, watoto wakiwa na miaka 11. Walipofika 19, damu zao zilikuwa na dalili chache za uvimbe wa ndani kwa ndani, ule unaokula mishipa, kuliko wenzao ambao familia zao hazikupata mafunzo.

Jumamosi iliyopita nilimkuta uani amelitoa godoro mwenyewe, amesimama pembeni mikono nyuma, anasubiri. Nikashika upande mmoja, yeye mwingine, tukaligeuzia juani. Akauliza, "Hunichapi?" Nikamwambia avae ndala twende tukanunue mihogo. Ya kuchemsha.