Somo: Kufundisha wanafunzi misingi ya soka na kuwaandaa kwa mechi

Swali la "nianze na nini?" nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri niliandikie somo moja, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa. Somo linamlenga mwalimu aliyekabidhiwa timu ya wanafunzi bila kusomea ukocha, mwenye mipira michache na saa moja hivi ya mazoezi. Halimlengi anayetafuta mfumo wa kuchezesha, kwa kuwa wanafunzi wasioweza kutuliza mpira hawana mfumo, hata ukiwachorea ubao mzima.

Hatua ya 1: Mipira. Wenye umri wa miaka 8 hadi 12 watumie mpira namba 4. Wanaowazidi watumie namba 5.

Hatua ya 2: Makundi. Wagawe watatu watatu au wanne wanne. Foleni ya wanafunzi kumi wanaosubiri zamu ya kugusa mpira mmoja si mazoezi.

Hatua ya 3: Kukokota. Panga koni, watumie miguu yote miwili, na wainue kichwa kila baada ya miguso miwili au mitatu.

Hatua ya 4: Pasi. Mguu wa kusimamia ukae kando ya mpira na uelekee anakopelekewa pasi, kifundo cha mguu unaopiga kikazwe, na mpira upigwe katikati kwa upande wa ndani wa mguu. Umbali wa mita 5 hadi 8 unatosha kuanzia.

Hatua ya 5: Kupokea. Hapa ndipo timu nyingi za wanafunzi hukwama, kwa sababu mwalimu huiona pasi ikifika akadhani kazi imekwisha, ilhali ndiyo kwanza imeanza. Anayepokea anapaswa kufanya mambo matatu, na mawili kati ya hayo hutangulia mpira wenyewe: ageuze shingo atazame nyuma yake wakati mpira bado uko njiani, asimame kimshazari, ili amwone anayempa pasi na pia aone upande anaokusudia kwenda, kisha aupokee kwa mguu ulio mbali na mpira, akiulegeza na kuurudisha nyuma kidogo wakati wa kugusana, ili mpira usidunde bali usogee hatua moja tu kuelekea penye nafasi. Mwanafunzi anayepokea akiwa amempa mgongo adui na macho yake yako kwenye mpira tu hana pa kwenda isipokuwa kuurudisha ulikotoka.

Zingatia maonyo haya. Usiwazoeze kuukanyaga kila mpira kwa unyayo. Kwenye futsal, yaani soka ya watano watano ya uwanja mdogo, unyayo una kazi yake kubwa, lakini kwenye uwanja mpana mpira uliokanyagwa unahitaji mguso mwingine kabla ya kupigwa, na mguso huo ndio unaompa mkabaji muda wa kufika. Usipige kelele za "tazama nyuma!" kila mara, kwa sababu watageuza shingo kukuridhisha wewe bila kuona chochote, badala yake, simama nyuma ya anayepokea, inua vidole kadhaa, na umtake aitaje idadi kabla hajaugusa mpira. Usimwingize mkabaji mapema mno, wala usimcheleweshe: aanze kwa kutembea, kisha akabe kwa nusu kasi, kisha akabe kweli, yote katika kipindi kimoja cha mazoezi. Aliyezoea kupokea bila kukabwa huusahau ujuzi wote siku ya mechi.

Hatua ya 6: Shuti. Shabaha kwanza, nguvu baadaye.

Hatua ya 7: Mpira wa kurusha. Arushe akiutazama uwanja, kwa mikono miwili, mpira ukitokea nyuma ya kichwa na kupita juu yake, na sehemu ya kila mguu iwe chini, juu ya mstari au nje yake. Wanafunzi hupoteza mipira mingi kwa kuinua mguu mmoja tu.

Hatua ya 8: Kichwa. Kwa wadogo, acha kabisa. Mwaka 2020 chama cha soka cha England kilitoa mwongozo unaoondoa zoezi la kupiga vichwa kwa watoto wa shule za msingi, na sioni sababu ya mwalimu yeyote kulifanyia haraka.

Hatua ya 9: Mchezo mdogo. Funga kila siku ya mazoezi kwa wanne dhidi ya wanne, malango madogo, bila kipa. Kila mmoja hugusa mpira mara nyingi kuliko katika mechi ya kumi na mmoja.

Hatua ya 10: Mechi. Siku ya kuamkia mechi usifundishe jambo jipya. Mweleze kila mchezaji nafasi yake na kazi moja atakayoifanya mpira ukiwa kwa adui. Siku yenyewe wapashe misuli kwa dakika 20 hivi, wakianza kwa kukimbia polepole, kisha mazoezi ya nguvu, mizani na kuruka, na mwisho mbio za kasi zenye kubadili mwelekeo. Huo ndio mpangilio wa programu ya FIFA 11+, iliyoandaliwa kwa wachezaji wa miaka 14 na kuendelea. Wachezaji wa akiba wapashe pamoja na wenzao. Kagua kinga za ugoko, kwa kuwa sheria inazilazimisha, na uwavue hereni, pete na mikufu kabla mwamuzi hajakuaibisha. Wakati wa mapumziko, ambayo hayazidi dakika 15, wanywe maji kwanza, kisha useme mambo mawili au matatu tu.

Maswali ya wanachama

Mlezi wa Michezo: Mwalimu, kwa hiyo tuanze na mashuti au pasi? Wanangu wanapenda kufunga.

Jibu: Hatua ya 4 na ya 5 zimetangulia ya 6 kwa makusudi.

Beki Mstaafu: Nimecheza miaka mingi na hakuna aliyewahi kunifundisha kugeuza shingo. Haya ni mambo ya vitabuni.

Jibu: Sina ubishi na uchezaji wako, ndugu. Mwenye kipaji hugundua mwenyewe pa kutazama. Somo hili nimewaandikia walimu wa wale wengine, ambao ndio wengi katika kila timu ya shule.

Kiungo Punda: Nina mwanafunzi mwenye kasi na pasi nzuri, lakini mpira wa juu ukimjia hufumba macho na kugeuza uso. Nimemtupia taratibu, bado. Je, ni woga, au ni namna ninavyomfundisha?

Jibu: Ahsante kwa kumchunguza kabla ya kumlaumu. Mara nyingi ni woga, na hutulia mtoto akiutawala mpira yeye mwenyewe. Mpe mpira mwepesi, aurushe juu kwa mikono yake, auache udunde mara moja, ndipo auguse kwa paja. Akizoea, aupokee kabla haujadunda. Baada ya hapo mwenzake amtupie kwa mkono kutoka mita mbili, na umbali uongezeke kidogo kidogo. Mfanyishe haya pembeni, wenzake wakiwa na shughuli nyingine, kwa sababu kicheko kimoja kinaweza kukurudisha mwanzo.

Winga Teleza: Naomba mtu anifupishie.

Jibu: Hatua ya 5.

Mwalimu wa Zamu: Sioni kuotea popote. Inafundishwa lini?

Jibu: Wanne kwa wanne hawaihitaji, ndiyo maana haimo. Mkianza kucheza uwanja mzima, simamisha mchezo kwa kipenga wakati pasi inapigwa, kila mtu abaki alipo, kisha waulize wenyewe. Yuko mahali pa kuotea aliye katika nusu ya adui na ambaye kichwa, kiwiliwili au mguu wake uko karibu zaidi na mstari wa goli kuliko mpira na kuliko adui wa pili kutoka mwisho, mikono haihesabiwi. Kuwa mahali hapo pekee si kosa mpaka ashiriki mchezo, na hakuna kuotea mpira unapotoka moja kwa moja kwenye kona, kurusha au mkwaju wa goli.

Mlezi wa Michezo: Na kipa anayeung'ang'ania mpira mikononi?

Jibu: Hilo ni swali zuri. Tangu msimu wa 2025/26 sheria inampa sekunde 8. Akizidisha, adui hupewa kona. Mzoeze kuhesabu kwa sauti mazoezini.

Kiungo Punda: Nyongeza kuhusu mipira: sindano ya pampu ilowanishwe kabla ya kuingizwa, la sivyo huchana vali na mpira huanza kuvuja.

Jibu: Kweli kabisa. Nami naongeza kwamba sheria inaruhusu upepo wa kati ya 0.6 na 1.1 za kanieneo ya angahewa, na kwa wanaoanza kujifunza kupokea, kaeni karibu na kile kiwango cha chini.