Somo: Adabu za kutumia simu na kompyuta mpakato katika vikao vya kazi

Assalamu alaykum. Mwaka juzi, mwezi wa Ramadhani, nilikuwa katibu wa kikao cha bajeti hapa Mjini Unguja. Kompyuta mpakato yangu ilikuwa imeunganishwa na projekta, na msimamizi wa fedha, mtu mzima wa heshima zake, alikuwa akitusomea jadweli la matumizi. Mara ukajitokeza ukutani ujumbe wa mwenzangu aliyekaa viti viwili kutoka kwangu: "Huyu leo hamalizi, futari itatukuta hapa hapa." Mzee akausoma, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, kisha akaendelea na mstari uliofuata. Hakuna aliyecheka.

Hatua ya kwanza: kabla hujaingia

Ikiwa kompyuta yako ndiyo itakayounganishwa na projekta, toka kwenye WhatsApp na barua pepe, zima arifa zote, na funga kila dirisha lisilohusu kikao. Ichaji nyumbani au ofisini, kwa sababu waya wa chaja uliokatiza njia humtega anayepita na chai. Simu iweke kimya kabisa, si katika mtetemo, maana simu inayotetemeka juu ya meza ya mbao husikika chumba kizima. Tusisahau pia programu za adhana: kila moja ina hesabu yake, na adhuhuri ikiingia simu nne huadhini kwa kupokezana, ilhali mwadhini wa msikiti wa jirani hajafungua kinywa. Muda wa sala uandikwe katika ajenda, nazo simu zinyamaze.

Hatua ya pili: toa udhuru wa kifaa chako

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Aliyekaa mbele yako haoni unachoandika. Anaona mgongo wa kompyuta na macho yako yaliyoinama, na kwa desturi zetu, kuinamisha macho mtu anapozungumza huku ukishughulika na jambo jengine ni kumdharau, hata kama unaandika kila neno lake. Kwa hiyo, kikao kinapofunguliwa, sema kwa sauti: "Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, natumia kompyuta kuandika kumbukumbu." Sentensi hiyo moja inaondoa dhana mbaya ya saa mbili. Mgeni kutoka nje ya taasisi aelezwe mwanzo kabisa, kwani hajui desturi yenu na hatathubutu kuuliza.

Hatua ya tatu: chagua pa kukaa

Mwaka 2013 watafiti wa Canada walichapisha majaribio yaliyoonesha kwamba wanafunzi waliofanya mambo mengine kwenye kompyuta wakati wa somo walielewa kidogo, na hata wenzao waliokaa mahali pa kuziona skrini hizo walifanya vibaya zaidi kuliko wasioziona. Majaribio hayo yalihusu darasa, lakini sioni kwa nini chumba cha mkutano kiwe tofauti. Mwenye kazi ya lazima kwenye kompyuta akae nyuma, ukuta ukiwa mgongoni mwake.

Hatua ya nne: simu ya dharura

Inuka, mpe mwenyekiti ishara, toka, upokee nje. Usiingize kichwa chini ya meza ukanong'ona "niko kikaoni, niko kikaoni", kwa sababu mnong'ono huo sote tunausikia.

Kurekodi sauti na kupiga picha kunahitaji ruhusa ya kikao, si ya mwenyekiti peke yake.

Maswali ya wanachama

*Maalim, kwetu Chake Chake mkubwa wetu wa kazi ndiye anayeshika simu tangu dua ya kufungua hadi ya kufunga. Nani amwambie?*

Asiambiwe mbele ya watu, na asiambiwe na mdogo. Mwombeni katibu, siku mbili kabla ya kikao, ampelekee rasimu ya ajenda yenye mstari wa utaratibu wa simu, ili yeye mwenyewe ausome wakati wa kufungua. Mtu huona tabu kuvunja agizo alilolitoa kwa mdomo wake.

*Mke wangu anakaribia kujifungua. Niizime simu?*

Usiizime, ndugu yangu. Mweleze mwenyekiti mapema, kaa karibu na mlango, na uishike simu mkononi ikiwa katika mtetemo. Kimya kabisa nilichokitaja juu si kwa mwenye hali kama yako.

*Mimi huandika kumbukumbu kwenye simu kwa kuwa sina kompyuta, na wazee wanadhani nachati.*

Bi dada, dhana hiyo haitakwisha kwa kuieleza mara moja, kwani simu imeshazoeleka kuwa ya mazungumzo. Andika kwa kalamu kikaoni, uhamishie kwenye simu baadaye. Ikiwa huwezi, omba dakika mbili za mwisho uwasomee maazimio uliyoyaandika.

*Maalim, yule mzee wa bajeti ulimwomba radhi?*

Nilikwenda ofisini kwake asubuhi iliyofuata, mimi na mwenzangu. Alitusikiliza hadi mwisho, akasema ametusamehe, kisha akaongeza kwamba bajeti ile kweli ilikuwa ndefu.