Mlipuko umeingia kwenye jumuiya yenu ya ibada, mnaanzia wapi?

Watu wakisikia kuna mlipuko wa ugonjwa, kitu cha kwanza ni kubishana "tunafunga au hatufungi", wanakaa vikao wiki nzima mpaka ugonjwa unawakuta bado wamekaa. Mi nasema swali hilo liwe la pili. La kwanza ni nani anamtembelea nani, maana jumuiya iliyoshikana haiambukizani kwenye ibada tu, inaambukizana kwenye kushikana mikono pale mlangoni, kula sahani moja, kwenda kumwona mgonjwa watu kumi kwa mpigo, kulala msibani. Mnaweza kufunga milango vizuri kabisa na mkaendelea kuambukizana majumbani.

Kwa hiyo chukua daftari, yaani daftari la kawaida tu. Andika kila nyumba, nani mzee, nani ana kisukari au pumu, nani anaishi peke yake, nani hana simu. Halafu kila nyumba kumi zipewe mtu mmoja wa kuzipigia, na awe yule waliyemzoea, mara nyingi kuna mama mmoja ambaye kila mtu anampigia hata bila sababu, huyo msimruke mkampa kijana eti kwa vile ana simu nzuri. Na simu isiwe ya "mzima wewe?" kwa sababu mtu wa dini atakujibu anamshukuru Mungu hata kama ana siku ya tatu kitandani na homa. Muulize leo umekula nini, umetoka nje, dawa zako zimebaki za siku ngapi, halafu msikilize anavyoongea, kama anakata sentensi katikati ili avute pumzi basi hapo ni kutafuta usafiri wa hospitali, maombi mtafanya mkiwa njiani.

Suala la viongozi sasa. Tangazo la serikali peke yake haliwafikii watu waliozoea kusikia kila jambo kwa mchungaji au imamu wao, na usidhani kiongozi mwenye cheo ndiye anayesikilizwa. Kijiji cha Eyam huko Uingereza kilipigwa na tauni mwaka 1665, na mwaka uliofuata kasisi wao William Mompesson akataka wajifungie wenyewe wasiipeleke vijiji vya jirani. Shida ni kwamba alikuwa mgeni, na wengi moyo wao ulikuwa bado kwa kasisi wa zamani, Thomas Stanley, aliyeondolewa kwa tofauti za kidini. Akamfuata huyohuyo, wakasimama wote wawili, watu wakakubali. Ibada zikahamia bondeni nje, kila familia ikazika watu wake, na hela za kulipia chakula zikawa zinaachwa mpakani kwenye vishimo vya jiwe vilivyotiwa siki. Walikufa zaidi ya watu 250, sikudanganyi kwamba ilikuwa rahisi. Lakini we jiulize tu, kwenu Stanley ni nani? Mzee gani mkigombana naye nusu ya waumini wanaondoka naye? Nenda kwake kabla ya kutangaza chochote.

Kuna watu watasema imani haiogopi ugonjwa. Usiwajibu kwa maneno ya daktari, wajibu kwa kitabu chao. Mwislamu anaijua hadithi ya Mtume kwamba mkisikia tauni iko mahali msiende, na ikiwakuta mlipo msitoke kuikimbia, na 2020 wakati wa korona adhana za sehemu nyingi ziliongezewa "salini majumbani mwenu" bila mtu kuacha dini. Mkristo mfungulie Walawi 13, mgonjwa anakaa nje ya kambi. Hija ya 2020 yenyewe ilifanywa na watu wachache mno waliokuwa tayari ndani ya Saudia, wakati mwaka wa nyuma walikuwa karibu milioni mbili na nusu.

Kuimba. Hapa mtanichukia. Machi 10, 2020 kwaya moja ya mji wa Mount Vernon, jimbo la Washington, Marekani, ilifanya mazoezi ndani ya kanisa kama saa mbili na nusu, watu 61, na mmoja wao alikuwa na dalili za mafua. Waliougua ni 53, wawili wakafa. Kwa ugonjwa unaopita kwenye hewa, kunawa mikono hakutoshi, kwa hiyo fungueni madirisha, fupisheni ibada, tokeni nje kama inawezekana, na kwaya iwe ya mwisho kurudi.

Msiba ndo mgumu kuliko vyote na ndo watu wanapofichana. Wakati wa Ebola Afrika Magharibi 2014, Shirika la Afya Duniani (WHO) walisema angalau asilimia 20 ya maambukizi mapya yalitokana na mazishi, na wazikaji wa mwanzo waliotumwa wakaja na mavazi meupe wakabeba maiti bila hata dua, watu waliwakimbia na kuzika usiku. Novemba mwaka huo mwongozo ukabadilishwa kwa kukaa na viongozi wa dini, ikawa Mwislamu anaweza kufanyiwa tayamamu, yaani kutwaharishwa bila maji, badala ya kuoshwa, Mkristo anaombewa, familia inaona kaburi. Kwa hiyo kaeni mapema, kabla hamjafiwa, mkubaliane nani ataswalisha au kuongoza maombi, watu wangapi wataenda, na nani atashika simu ili ndugu walio mbali waone. Mkiyaongelea hayo siku ya msiba mtagombana tu.

Chanjo ikija, anayeulizwa maswali awe muuguzi au daktari aliye muumini wenu, jumuiya nyingi zina hata mmoja. Uvumi ukiingia kwenye grupu usimwaibishe aliyeutuma, mpigie pembeni.

Na mkirudi kukusanyika, lile daftari msilitupe. Pitieni nyumba moja moja muone nani hajaonekana, maana kuna wengine hawaji kwa sababu wanaogopa na wengine wana aibu kwamba wao ndo waliugua kwanza. Hao wa pili wafuateni nyumbani, wasitangaziwe mbele za watu.