Kulinda imani ukiwa mfanyakazi wa hoteli Nungwi au Paje

Mkristo anayetoka bara kuja kutafuta kazi ya hoteli huku Zanzibar, Nungwi, Kendwa au Paje, mara nyingi huonywa na ndugu zake kuhusu kuishi kati ya Waislamu. Tunaona onyo hilo limeelekezwa mahali pasipo pake. Jirani anayeamka alfajiri kuswali na kufunga Ramadhani nzima hamfundishi mtu kumsahau Mungu. Kinachomla Mkristo huku pwani ni zamu zisizojua Jumapili, bakshishi inayoisha usiku uleule, sherehe za ufukweni na simu. Paulo aliwaandikia Warumi, "Wala msiifuatishe namna ya dunia hii". Ukitaka kulishika neno hilo hotelini, anza na karatasi ya zamu iliyobandikwa ukutani.

Ratiba ya zamu kwa kawaida hupangwa siku kadhaa kabla ya wiki kuanza, kwa hiyo ombi la Jumamosi jioni limeshachelewa. Danieli alipokataa chakula cha mfalme hakugoma: aliomba, akatoa pendekezo, akakubali kujaribiwa siku kumi. Fuata njia hiyohiyo. Kwanza zungumza na mwenzako Mwislamu wa idara yako: wewe umshikie Ijumaa kuanzia saa 6 hadi saa 8 mchana aende msikitini, yeye akushikie Jumapili asubuhi mpaka utoke ibadani. Mkishakubaliana, nendeni pamoja kwa msimamizi mkaombe majaribio ya wiki nne. Msimamizi hukubali kwa urahisi zaidi anapoona nafasi zote mbili zina mtu. Msabato apange vivyo hivyo kwa Jumamosi.

Mpango huu huvunjwa na jambo moja: kudai Jumapili yako na Ijumaa ukachelewa. Ukifanya hivyo mara mbili, umejifungia mlango, na umemfungia pia Mkristo atakayekuja baada yako. Sikukuu nazo ni hivyo: shika zamu siku ya Idi bila kunung'unika. Ombi la Krismasi lifike mapema Oktoba, kwa sababu mwisho wa Disemba hoteli zinajaa na kila mtu anaitwa kazini.

Kuhusu pombe, makanisa hayafanani, wala hatutawasemea wachungaji wote. Lakini kama dhamiri yako hairuhusu hata kuihudumia, sema kabla ya kusaini mkataba, uombe jikoni, vyumbani au bustanini. Kusema baada ya kupangiwa baa kunaonekana ujeuri. Mgeni akikununulia kinywaji, jibu "Asante, sinywi", ukitabasamu, basi. Usijisingizie dawa wala ugonjwa. Yesu alisema ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo, na uongo huo una kasoro nyingine ya wazi: dawa huisha, na wiki ijayo utaulizwa tena.

Bakshishi inahitaji ukali kuliko mshahara. Mshahara unakuja mara moja na unauona. Bakshishi huingia kidogokidogo, leo dola 2, kesho shilingi 5,000, na mwisho wa mwezi hujui ilikwenda wapi. Iandike kila unapotoka zamu, utenge sehemu ya kumi palepale kabla hujapita dukani. Chukua mfano: mshahara 400,000 na bakshishi 150,000, jumla 550,000, zaka 55,000. Anayehesabu mshahara peke yake hutoa 40,000 na kudhani amemaliza. Iweke kwenye bahasha au akaunti ya simu usiyoitumia kwa matumizi ya kila siku. Zaidi ya zaka, weka akiba ya masika: Aprili na Mei wageni hupungua, hoteli nyingine hufunga kabisa, na njaa ya miezi hiyo imewafanya wengi wakubali kazi ambazo dhamiri yao ilizikataa Januari.

Sala katika chumba cha watu wanne ni ngumu, tunajua. Usingoje chumba kitulie. Amka dakika 20 kabla ya wenzako, toka nje, soma sura moja. Injili ya Marko ina sura 16, huisha ndani ya wiki mbili na siku mbili. Mithali ina 31, moja kwa kila tarehe. Pakua Biblia ya kusikiliza ukiwa kwenye intaneti ya hoteli, usikilize ukienda kazini. Usiku, ukitoka zamu saa 5, fungia simu sandukuni kabla hujalala. Ikibaki mkononi, utaperuzi video mpaka saa 8, na zile dakika 20 za asubuhi zimekwenda.

Nungwi hadi mjini ni kilomita 60 hivi, hivyo si kila wiki utafika kanisa kuu la Anglikana Mkunazini au la Katoliki, Minara Miwili. Tafuta Wakristo watatu hadi sita wa hoteli jirani, mkutane jioni moja ya wiki kwa dakika 45: sura moja, maombi, na kila mmoja kusema alipoteleza wiki hiyo. Mwombe ruhusa mwenye nyumba, mwarifu sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, ikiwa mtakutana kila wiki, msitumie spika. Ikifika Ramadhani, anzeni baada ya futari, na msile hadharani mchana. Mwenzenu akikosa mara mbili mfululizo, mmoja wenu amfuate kwake akiwa na chakula, asianze na swali.