Kabla ya kukata pingili ya kwanza: miche ya chai ya tishu

Wengi wanaotaka kuzalisha miche ya chai kwa tishu, yaani kukuza pingili (kipande kidogo cha shina chenye kichipukizi) ndani ya chupa maabarani, huanza kwa kuulizia bei ya vifaa. Anza na mti mama. Mbegu ya chai haifuati mzazi wake, kwa kuwa mchai huchavushwa na mchai mwingine, na pingili ya tishu itakupa sifa zilezile za mti ulioukata, ziwe nzuri au mbaya. Mchai wa shambani hubeba kuvu na bakteria hadi ndani ya shina, mahali ambapo jiki ya kusafishia pingili haifiki. Uhamishie kwenye chungu chini ya paa, mwagilia udongo bila kulowesha majani, piga dawa ya ukungu kwa wiki kadhaa, ndipo uchukue machipukizi machanga.

Jambo la pili linawakatisha tamaa wengi: weusi. Kemikali zilezile zinazoipa chai rangi na ukali kikombeni hutoka kwenye kidonda cha pingili na kuiua. Kwa hiyo andaa mapema maji safi yenye vitamini C ya kuloweka pingili, chupa za akiba za kuhamishia siku za mwanzo, na kabati lenye giza. Sumu ya zebaki inayotajwa kwenye maelekezo ya zamani ya kusafishia, mimi siishauri. Mabaki yake utayamwaga wapi?

Chakula cha miche hakina fumbo kubwa. Mchanganyiko wa wanasayansi Murashige na Skoog wa mwaka 1962 bado unatumika, pH (kipimo cha tindikali) 5.6 hadi 5.8, ukichemshwa kwa mvuke wa shinikizo nyuzi 121 kwa dakika 15 au 20. Hakikisha tu una umeme wa akiba, maana chumba cha kukuzia kinataka nyuzi 25 hivi na mwanga wa saa 16.

Lakini usikate chochote kabla kitalu hakijakamilika. Mche uliotoka chupani una nta kidogo juu ya majani na haujui kufunga matundu yake ya hewa; ukiuanika juani unanyauka siku hiyohiyo. Jenga handaki la nailoni chini ya kivuli, jaza viriba udongo wenye tindikali, pH 4.5 hadi 5.6, usitie majivu wala chokaa, kisha funua nailoni kidogokidogo kwa wiki nyingi.

Na kama tayari una michai mama ya kutosha, kama ilivyo kwa wakulima wengi wa Kericho na Mufindi, kipandikizi cha jani moja, yaani kipande cha shina chenye jani moja kinachopandwa moja kwa moja kitaluni, kitakugharimu kidogo zaidi.