Jinsi ya kupima presha nyumbani, kuisoma, na kujua inachoharibu mwilini

Mtu anaweza kuishi na presha ya kupanda miaka kumi bila kuumwa chochote. Kichwa hakigongi, macho hayaoni giza, kazi zinaendelea kama kawaida, na huku ndani mishipa ya damu inaharibika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2024 watu bilioni 1.4 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawakujua. Anayesubiri dalili ndipo apime, mara nyingi dalili ya kwanza anayoipata ni kiharusi. Basi kilichobaki ni kipimo, na kipimo chenyewe kinataka umakini kuliko watu wanavyodhani: ukikaa vibaya au ukitumia mkanda usiokufaa, unaweza kuandikiwa dawa za maisha usizozihitaji, au ukaachwa bila dawa unazozihitaji sana.

Namba mbili zina maana gani

Mashine ikionyesha 128/82, namba ya juu ni nguvu ya damu dhidi ya kuta za ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, wakati moyo unapojikaza na kusukuma. Ya chini ni nguvu inayobaki wakati moyo unapolegea kati ya pigo na pigo. Zote huhesabiwa kwa milimita za zebaki, kwa kuwa vipimo vya zamani vilikuwa na bomba la zebaki iliyopanda na kushuka. Mashine nyingi huweka pia namba ya tatu, nayo ni mapigo ya moyo kwa dakika. Usiichanganye na presha.

Chini ya 120/80 ni hali nzuri. Katika nchi nyingi mtu huhesabiwa kuwa na presha ya kupanda akipimwa kituo cha afya siku mbili tofauti na kukutwa na 140/90 au zaidi. Nyumbani, ambako mwili umetulia, mpaka unashuka hadi 135/85. Marekani tangu mwaka 2017 hutumia 130/80, kwa hiyo usishangae ukikuta maelezo yanayotofautiana.

Si lazima namba zote mbili zivuke. 156/78 ni presha kamili, na ndiyo sura ya kawaida kwa wazee, kwa sababu ateri kubwa hukakamaa kadiri umri unavyokwenda. Wapo wanaoamini kwamba ya chini ikiwa sawa hakuna neno. Imani hiyo ni ya hatari: baada ya miaka 50, namba ya juu ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi nani yuko karibu na kiharusi au ugonjwa wa moyo.

Kuchagua mashine

Chagua mashine inayojijaza upepo yenyewe na yenye mkanda wa kuvaa juu ya kiwiko. Za kuvaa kwenye kifundo cha mkono hukosea kwa urahisi, kwani mkono ukishuka au ukipanda kidogo tu jibu linabadilika. Hakikisha aina hiyo ya mashine imejaribiwa na kuthibitishwa kitabibu.

Kisha angalia mkanda. Pima kwa futi ya cherehani mzunguko wa mkono wako katikati ya bega na kiwiko. Mkanda wa wastani mara nyingi huandikwa sentimita 22 hadi 32, na mkubwa 32 hadi 42. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hulazimika kubana zaidi kabla ya kuziba mshipa, hivyo husoma juu kuliko ukweli, na kwa mikono minene sana kosa linaweza kukaribia 20. Mkubwa kupita kiasi husoma chini. Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, hata kwenye vituo vyenye mkanda mmoja tu kwa wagonjwa wote, na mgonjwa ana haki ya kuuliza.

Mara moja kwa mwaka peleka mashine yako kliniki ilinganishwe na ya kwao. Kama mapigo ya moyo wako hayana mpangilio, mwambie mhudumu. Mashine hizi huyumba kwa watu wa aina hiyo, na huenda ukahitaji kupimwa kwa mkono na stetoskopu.

Kupima

Nusu saa kabla, usinywe kahawa wala chai kali, usivute sigara, usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo, maana kibofu kilichojaa hupandisha presha. Asubuhi pima kabla ya kula na kabla ya kumeza dawa.

Keti kwenye kiti chenye mgongo na uuegemee. Nyayo zote mbili ziwe sakafuni, miguu isipishane. Vaa mkanda kwenye ngozi tupu. Mkono wa shati uliokunjwa na kubana juu ya mkanda unaharibu kipimo sawa na nguo iliyo chini yake. Ukingo wa chini wa mkanda ukae sentimita 2 hadi 3 juu ya kikunjo cha kiwiko, alama ya mshipa ielekee upande wa ndani wa mkono, na vidole viwili viweze kupenya chini yake. Laza mkono mezani, kiganja kikitazama juu, mkanda ukiwa usawa wa katikati ya kifua.

Sasa tulia dakika 5. Usiongee, usisome simu, na asikuongeleshe mtu. Mazungumzo peke yake yanaweza kuongeza 10 au zaidi kwenye namba ya juu. Bonyeza, andika jibu, ngoja dakika moja, pima tena, andika.

Mkono unaoning'inia pembeni ni kosa jingine kubwa. Kila sentimita mkono unaposhuka chini ya usawa wa moyo, presha inayosomwa huongezeka karibu 0.8. Sentimita 10 ni kama 8 za bure, na mtu mwenye 134 anaonekana ana 142.

Siku ya kwanza pima mikono yote miwili. Tofauti ndogo ni ya kawaida, na baada ya hapo tumia daima mkono uliosoma juu. Tofauti ikizidi 10 kila unaporudia, mweleze daktari, kwa sababu huenda kuna ateri iliyopungua upana.

Wiki moja ya vipimo

Kipimo kimoja hakitoshi kuamua jambo. Presha hupanda na kushuka siku nzima kwa hasira, maumivu, baridi na usingizi mbaya. Pima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa siku 7. Tupa majibu yote ya siku ya kwanza, kwa kuwa wasiwasi wa kuanza huyapandisha, kisha jumlisha yaliyobaki ugawe kwa 24. Kama jumla ya namba za juu ni 3,312, wastani ni 138. Kama za chini ni 2,016, wastani ni 84. Mtu huyo ana 138/84, na kwa vipimo vya nyumbani namba yake ya juu imevuka mpaka.

Andika namba kama zilivyo. Usizungushe 137 kuwa 140, na usirudie kupima mara sita ukisubiri inayokupendeza ndiyo uiandike. Daktari akipewa majibu yaliyochaguliwa anatibu mtu mwingine.

Wiki hii hufichua pia makundi mawili ambayo kliniki haiyaoni. Wapo ambao presha yao hupanda mbele ya mhudumu tu na nyumbani iko sawa. Wapo wengine, nao wako hatarini zaidi, ambao kliniki wanasoma vizuri lakini nyumbani na kazini iko juu.

Inachoharibu

Utando mwembamba ulio ndani ya ateri umeumbwa kuvumilia msukumo wa kiasi. Ukizidi kwa miaka, utando huo hujeruhika, mafuta hupenya na kujikusanya, ukuta huwa mnene na mgumu. Ateri ngumu haitanuki pigo linapokuja, hivyo presha hupanda zaidi. Ndiyo maana tatizo lililoachwa haliwi lile lile, hukua.

Moyo unaosukuma dhidi ya upinzani hunenepesha misuli yake, hasa chumba cha chini cha kushoto. Misuli minene inahitaji damu zaidi lakini hailegei vizuri ili chumba kijae. Kwa muda moyo huchoka: mtu hukosa pumzi akilala chali, huamka usiku akihema, miguu huvimba. Chumba cha juu nacho hutanuka na kuanza kutetemeka bila mpangilio, damu hutuama humo na kuganda, na donge likiruka kwenda kwenye ubongo ni kiharusi.

Ubongo huumia kwa njia tatu. Mshipa unaweza kuziba, unaweza kupasuka, au mishipa midogo kabisa inaweza kufungwa mmoja mmoja bila mtu kuanguka hata siku moja. Hii ya tatu haizungumzwi vya kutosha. Huja polepole kama usahaulifu, mwendo wa kuburura miguu na uzito wa kufikiri, na familia hudhani ni uzee.

Figo moja ina machujio madogo yapatayo milioni. Presha huyakomaza kuwa makovu, protini huvuja kwenye mkojo, na figo iliyodhoofika hushindwa kutoa chumvi na maji, jambo linalopandisha presha tena. Mtu haoni lolote mpaka sehemu kubwa ya uwezo wa figo imepotea, na ndiyo sababu kipimo cha mkojo na cha kreatinini (taka ya mwili ambayo figo huitoa) katika damu ni vya lazima kwa kila mwenye presha. Vipimwe pia potasiamu, sukari na mafuta ya damu, umeme wa moyo upimwe (ECG), na macho yachunguzwe: nyuma ya jicho mishipa huonekana wazi bila kupasua, na uharibifu wa pale mara nyingi unaashiria uharibifu kwingineko. Kwa wanaume, nguvu za kiume kupungua huweza kuwa tangazo la mapema kwamba mishipa midogo imeanza kuumia. Wengi huona aibu kulisema, nasi tunawasihi walitaje.

Kuanzia 115/75, kila ongezeko la 20 kwenye namba ya juu au 10 kwenye ya chini huzidisha mara mbili hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo au kiharusi kwa watu wa makamo. Upande wa pili unatia moyo: kushusha namba ya juu kwa 10 tu hupunguza kiharusi kwa takriban robo.

Kuishusha

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ikijumuisha iliyo ndani ya mkate, nyama za kopo, supu za pakiti na viungo vya vidonge. Wengi huacha kunyunyiza mezani wakadhani wamemaliza. Kila kilo ya uzito unaozidi ikitoka, namba ya juu hushuka karibu 1. Mwendo wa haraka dakika 150 kwa wiki husaidia, na pombe kupunguzwa vilevile. Chumvi mbadala yenye potasiamu ni nzuri kwa wengi, lakini mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia dawa za presha kama enalapril, losartan na za jamii hizo aulize kwanza, kwani potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo.

Dawa zina tabia zake. Amlodipine huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu, nayo huchukua wiki moja au zaidi kufikia nguvu kamili, hivyo usiihukumu siku ya tatu. Enalapril na lisinopril huweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha; hicho ni sababu ya kubadilishiwa, si ya kuacha kutibiwa. Presha ikishuka ujue dawa inafanya kazi. Ukiiacha itapanda, na baadhi ya dawa zikikatwa ghafla presha hurudi juu kwa kasi. Angalia pia unachomeza pembeni: dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac, na dawa za kuzibua pua, huipandisha, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni pia.

Kama presha imeanza ujanani, imepanda ghafla, haishuki kwa dawa tatu, au mtu anakoroma sana na kuamka amechoka, daktari atafute chanzo kilichojificha kwenye figo, tezi au usingizi.

Mjamzito yuko kwenye kundi lake. 140/90 baada ya wiki 20 inahitaji kuonwa siku hiyo hiyo, na 160/110, au kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, au maumivu chini ya mbavu za kulia, ni hospitali mara moja. Enalapril, losartan na jamii zake hazitumiki katika ujauzito.

Ikifika 180/120

Kaa, tulia dakika 5, pima tena. Ikiwa imebaki pale na kuna maumivu ya kifua, kukosa pumzi, upande mmoja wa mwili kuishiwa nguvu, mdomo kupinda, maneno kukwama, kuchanganyikiwa, kichwa kuuma kwa ghafla na kwa ukali au kuona vibaya, nenda hospitali sasa hivi na usiendeshe gari mwenyewe. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, wasiliana na kliniki siku hiyo hiyo ili dawa zirekebishwe. Usimeze dozi mbili, wala usiweke nifedipine, dawa nyingine ya presha, chini ya ulimi: presha ikiporomoka ghafla, ubongo na moyo hukosa damu, na kiharusi kinaweza kuletwa na dawa yenyewe.